Kutoka 16 hadi 14: jinsi nilivyojifunza kupanga moduli

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na kila nikikutana na mmoja wenu pale steji ya Satellite naulizwa kama blogu ilikufa. Haikufa, ni kazi tu. Leo nimerudi na mada niliyoahidi kitambo: namna ya kupanga msimbo katika moduli. Sitaanza na maelezo ya kitabu. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana hapo ndipo nilipojifunza.

Kwa wageni: mimi ni mwandishi wa programu, naishi na kufanyia kazi hapa Satellite, kando ya Naivasha Road. Ofisi yangu ni meza moja, laptopu moja na dirisha linalotazama paa la mabati la jirani. Wateja wangu ni wenye maduka. Mwaka 2020 maduka matatu yalikuwa yakitumia programu yangu ya stoki na ankara, ambayo nimeiandika kwa Python. Moja ni hadiwea ya mzee mmoja upande wa Kawangware. Nitamwita Mzee tu, maana ndivyo ninavyomwita hata ana kwa ana.

Wakati huo nilijiona nimejipanga sana. Katika Python kila faili la .py ni moduli, na folda yenye mafaili kama hayo ni pakeji. Ukiandika import, Python hulitafuta faili, hulisoma mara moja, kisha hulikumbuka. Ukiliita tena kutoka kwingine halisomwi upya. Basi nami nilikuwa na mafaili matano yenye majina mazuri: mauzo.py, ankara.py, chapa.py, stoki.py na ripoti.py. Mauzo yanaingia, ankara inatengenezwa, inachapishwa, stoki inapunguzwa, jioni ripoti inatoka. Kila hatua na chumba chake. Nilikuwa nikiwaonyesha vijana wanaojifunza na kuwaambia, "Oneni, huu ndio usafi."

Kumbe usafi wenyewe ulikuwa wa sebuleni tu.

Tarehe 25 Machi 2020, korona ikiwa imeshaingia nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe ya kuanza ikawa 1 Aprili. Niliposikia nilicheka kidogo. Nikajiambia hiyo ni kazi ya dakika moja, kubadilisha namba tu. Nikaendelea na shughuli zangu juma zima. Haraka haraka haina baraka, tunasema, lakini mimi nimegundua kwamba pole pole ya mvivu nayo haina baraka.

Usiku wa Jumanne tarehe 31 ndipo nilipofungua msimbo. Kafyu ilikuwa imeanza siku nne tu nyuma, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na barabara ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mbwa wa huko Riruta. Nikatafuta 1.16 katika mafaili yote. Nikapata mara tisa. Nikabadilisha zote kuwa 1.14, nikajaribu kuuza mfuko wa simiti. Risiti ikasema 14. Ripoti ikasema 16.

Nikatafuta tena. Kumbe katika ripoti.py sikuandika 1.16 bali 0.16. Katika chapa.py, ambapo nilihitaji kuitoa kodi ndani ya bei iliyokwisha kujumlishwa, niliandika 16/116. Katika stoki.py nilikuwa nimegawanya kwa 1.16 ili kupata bei ya kununulia. Na mahali pengine nilikuwa nimeandika maneno yenyewe, "VAT 16%", yachapwe juu ya karatasi. Uamuzi mmoja wa serikali, na mimi nilikuwa nimeuandika kwa sura tano tofauti katika mafaili matano.

Ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimechoka. Nikafanya lile jambo ambalo ningemkataza mwanafunzi yeyote: nikaamuru kila 16 igeuzwe kuwa 14, faili zima, bila kuangalia. Wale mnaojua hadiwea mmeshaanza kucheka. Vyuma vya ujenzi huuzwa kwa unene wake, Y10, Y12, Y16, Y20. Asubuhi hadiwea ya Mzee ikawa inauza Y14, chuma ambacho hakikuwa dukani.

Hilo la Y14 lilirekebishwa upesi. Nilikwenda kwa miguu saa kumi na moja na dakika chache, flashi mfukoni, na kabla ya saa tatu tulikuwa tumeliona na kulitoa. Mzee alicheka, akaninunulia chai na mandazi. Nikarudi nyumbani nikalala kama mtu aliyeshinda vita.

Juma lililofuata akanipigia simu.

"Kijana, hii mashine yako ina ndimi mbili."

Mkandarasi mmoja aliyenunua vifaa mwezi wa Machi alikuwa amerudi kuomba nakala ya ankara yake. Mzee akabonyeza, karatasi ikatoka. Ankara ya kwanza, ile ya Machi, ilikuwa ya bidhaa za shilingi 300,000 na VAT ya shilingi 48,000, jumla 348,000. Nakala ikasema VAT ni 42,000 na jumla 342,000. Tarehe ile ile, namba ya ankara ile ile, pesa tofauti. Mkandarasi akaziweka karatasi mbili pamoja juu ya kaunta na kumwambia Mzee kwamba alimlia shilingi elfu sita.

Na Mzee, kwa sababu aliamini mashine kuliko kumbukumbu yake, alifungua droo akamrudishia shilingi elfu sita mbele ya wateja wengine.

Mnaona kosa? Programu yangu haikuhifadhi kodi katika ankara. Ilihifadhi bidhaa na bei tu, na kila ilipochapisha ilihesabu upya kwa namba ya leo. Muda wote kiwango kilipokuwa 16 hakuna aliyeweza kujua. Lakini kodi ya mauzo hufuata tarehe ya mauzo. Bidhaa iliyouzwa Machi ni ya asilimia 16 hata ukiichapisha ankara yake miaka kumi baadaye. Nilipobadilisha namba ile, nilikuwa nimebadilisha na historia. Na ilipofika tarehe 20 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za VAT za Machi, Mzee angetakiwa kulipa zile 48,000 kamili. Shilingi elfu sita zingekuwa zimetoka mfukoni mwake kwa sababu ya uvivu wangu.

Nilimlipa. Nilichukua pesa niliyokuwa nimeweka ya nyumba, nikamwendea mwenye ploti kumwomba siku chache, nikampelekea Mzee shilingi elfu sita mkononi. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Kisha tukampigia mkandarasi pamoja, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba Mzee hakumwibia, ni mimi niliyekosea. Alinisikiliza, akasema sawa. Pesa hakuirudisha, lakini aliendelea kununua pale, na hilo kwa Mzee lilikuwa na thamani zaidi.

Sasa tuje kwenye funzo.

Baada ya hapo nilikuwa na wakati mwingi, kafyu ikiwa bado inaendelea, nikarudi kusoma makala ambayo niliwahi kuisikia chuoni na kuipuuza. David Parnas aliichapisha mwaka 1972 katika jarida la Communications of the ACM, na inahusu vigezo vya kugawa mfumo katika moduli. Anachukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa na kuigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza inafuata hatua za kazi: moduli ya kusoma, moduli ya kuzungusha maneno, moduli ya kupanga kialfabeti, moduli ya kuchapisha. Njia ya pili haiangalii hatua. Inauliza: ni maamuzi gani magumu, au yanayoweza kubadilika? Kila uamuzi wa aina hiyo unafichwa ndani ya moduli moja, na wengine hawaujui.

Njia zote mbili zinafanya kazi. Tofauti huonekana siku ya mabadiliko. Kwa njia ya kwanza, badiliko moja linagusa karibu kila moduli. Kwa njia ya pili linagusa moja.

Nilipoisoma nilihisi kama mtu aliyepigwa picha bila kujua. Mafaili yangu matano yalikuwa njia ya kwanza, neno kwa neno: mauzo, ankara, chapa, stoki, ripoti. Nilikuwa nimegawa msimbo kwa kufuata safari ya karatasi dukani. Kodi haikuwa hatua katika safari hiyo, kwa hiyo haikupata chumba chake. Ikalala sebuleni kwa kila mtu.

Hivyo nikaandika faili la sita. Nimelipunguza kidogo ili lisomeke hapa, na mstari wa 2021 uliongezwa baadaye, nitawaeleza:

VIWANGO = [
    ("2021-01-01", 16),
    ("2020-04-01", 14),
    ("2013-09-02", 16),
]

def kiwango(aina, tarehe):
    if aina != "kawaida":
        return 0
    for kuanzia, asilimia in VIWANGO:
        if tarehe >= kuanzia:
            return asilimia

Tarehe ya mwisho pale chini ni siku Sheria ya VAT ya 2013 ilipoanza kutumika, na hakuna duka langu lenye ankara ya zamani kuliko hiyo. Neno "aina" lipo kwa sababu ya kasupamaketi ninakokahudumia: mkate na unga wa mahindi hautozwi asilimia 16.

Hakuna ujanja wowote hapo. Cha maana ni kile ambacho wengine hawawezi kukiona. Faili la ankara haliijui 16 wala 14. Linauliza tu: bidhaa hii, tarehe hii, kiwango ni kipi? Na kwa kuwa swali lenyewe linadai tarehe, hakuna anayeweza kusahau kuitoa. Namba pia inahifadhiwa ndani ya ankara siku ya mauzo, ili nakala iwe nakala.

Baada ya hapo nikalewa na moduli. Nikagawa kila kitu. Kodi.py ilitaka kujua tarehe ya ankara, kwa hiyo nikaiambia iite ankara.py. Ankara.py nayo ilikuwa ikiita kodi.py. Python ikakataa kuwasha programu, ikilalamika kwamba moduli haijamaliza kujiandaa. Ni kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anasema, "Tangulia wewe."

Kwenye ploti zetu maji hutoka tangi la juu ya paa yakashuka kwenye mifereji ya chini. Hayapandi. Utegemezi wa moduli nao uwe hivyo. Ankara inaweza kuiita kodi. Kodi haina haja ya kujua kwamba ankara ipo duniani. Inachohitaji ni tarehe tu, na tarehe inapewa mkononi. Ukiona moduli mbili zinaitana, mara nyingi ama ni moduli moja iliyokatwa katikati, ama kuna jambo la tatu linalotaka faili lake.

Kisa kingine ni cha jina. Mwaka 2021 mwenye ploti mmoja aliniomba programu ya kukusanya kodi ya nyumba. Mimi huandika majina ya msimbo kwa Kiswahili, sioni sababu ya kuona haya. Nikaandika kodi.py, ya wapangaji. Ndani yake nikaweka funksheni kiwango(nyumba, tarehe), inayorudisha pesa ambayo mpangaji wa nyumba hiyo anadaiwa. Nikaijaribu kwenye laptopu yangu, ambako kodi.py ya VAT ilikuwa tayari kwenye njia ya utafutaji. Python huchukua ile inayokutana nayo kwanza. Ikaichukua ya VAT, ikaambiwa "B4", ikaona hiyo si bidhaa ya kawaida, ikarudisha sifuri. Ripoti nzima ikatoka hivyo: nyumba zote, kodi 0. Laiti wapangaji wa Satellite wangeiona siku hiyo!

Kiswahili chetu kina kodi ya serikali na kodi ya nyumba, na siku hizi kuna watu wanaoandika "kodi" wakimaanisha msimbo. Neno moja, mizigo mitatu. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Ukisema "mwenye nyumba amekuja kwa kodi" hakuna anayefikiria KRA. Kompyuta haina muktadha ila ule unaoipa, na pakeji ni njia ya kuupa. Sasa nina duka.kodi na ploti.kodi, na hazijagombana tena. Kwa sababu hiyo hiyo usiite faili lako random.py au email.py, maana Python yenyewe ina moduli za majina hayo na utajikuta unatafuta kosa mpaka asubuhi.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya maduka madogo. Hapana. Angalieni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret Februari 2006, kwenye mpango wa AMPATH, baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Marekani kufika huko mwaka 2004. Mfumo ule umeandikwa kwa Java, na una kiini pamoja na moduli zinazoongezwa au kuondolewa bila kukigusa kiini. Hospitali moja inataka fomu za kifua kikuu, nyingine inataka za kina mama wajawazito, wizara inataka ripoti zake. Kama kila badiliko lingeingia kwenye kiini, kila hospitali ingebaki na mfumo wake usioweza kusasishwa pamoja na wengine. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya hapa nchini, ni OpenMRS iliyofungashwa pamoja na moduli za mahitaji ya Kenya. Kule kosa la namba si shilingi elfu sita. Ni dawa ya mtu.

Sasa nirudi kwenye ule mstari wa 2021. Desemba 2020 ilithibitishwa kwamba kiwango kitarudi asilimia 16 kuanzia 1 Januari. Nilifungua kodi.py wiki moja kabla, nikaongeza mstari mmoja wenye tarehe, nikajaribu kwa ankara za Desemba na za Januari, nikapeleka kwenye maduka matatu kwa flashi. Usiku wa mwaka mpya kafyu ilikuwa saa nne. Nilikula, nikalala. Saa sita mstari ule ukaanza kufanya kazi wenyewe. Asubuhi nilimpigia Mzee kumtakia heri ya mwaka mpya, akaniuliza lini nitakuja kubadilisha ile VAT. Nikamwambia imeshabadilika. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisubiri. Akaenda akachapisha ankara moja ya Novemba na moja ya siku hiyo, akaziweka pamoja kama yule mkandarasi alivyofanya. Akarudi kwenye simu.

"Leo ina ulimi mmoja."

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi hii.

Tangu hapo mabadiliko hayajakoma. Mwaka 2023 KRA ilileta eTIMS. Nikaitengea moduli yake, na ankara.py haijui inakopelekwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza mkate utozwe VAT. Nilishajua ni mstari gani nitakaougusa, nikasubiri. Pendekezo likaondolewa Juni, kabla hata ya mswada wenyewe kutupwa mwezi huo huo. Sikugusa kitu.

Basi mkikaa kupanga msimbo wenu, msiulize kwanza, "Programu inaanza kufanya nini, halafu nini?" Ulizeni, "Ni nani anaweza kuamka kesho akabadilisha kitu?" Serikali inaweza kubadilisha kodi. Kampuni ya simu inaweza kubadilisha njia ya kupokea malipo. Mteja anaweza kununua printa nyingine. Kila mmoja wao mpeni faili lake, na wengine wasijue siri yake. Majina ya mafaili hayo yatawajia yenyewe.

Na kama bado una 1.16 mahali fulani katika msimbo wako, itafute leo, kungali mchana. Lakini tafadhali, usiguse Y16.

Tutaonana tena, Mungu akipenda, na safari hii sitakaa kimya muda mrefu hivyo.